Kwa mnaojiandaa kupanga upya kampuni: tazameni tena majina mliyoyapaka nyekundu

Waheshimiwa wenyeviti wa bodi, wakurugenzi watendaji na wakuu wa rasilimali watu,

Nawaandikia kabla hamjatangaza. Kwenye mafaili yenu kuna mpango wa kuunganisha idara, kufuta baadhi ya vyeo, kuhamisha vitengo na kupunguza watu, na ndani ya mpango huo kuna ukurasa unaohusu wafanyakazi watakaopinga. Katika miaka yangu ya umeneja wa kati nimeletewa ukurasa wa namna hiyo zaidi ya mara moja. Huwa ni jedwali: kushoto majina, kulia rangi. Kijani ni anayeunga mkono, njano anayesitasita, nyekundu mpinzani. Safu ya mwisho inaeleza kila mmoja atashughulikiwa vipi.

Barua hii inahusu ukurasa huo. Naamini kwamba wengi mliowapaka nyekundu wanaijua kazi kuliko yeyote aliyeshiriki kuchora muundo mpya, na kwamba vurugu mnazoziogopa huanza siku watu hao wanaponyamazishwa.

Sipingi kupanga upya. Teknolojia ikibadilika, wateja wakihama, madeni yakizidi mapato, kampuni inayong'ang'ania muundo wa zamani huzama pamoja na ajira zote zilizomo. Upo wakati watu hawana budi kupungua, na anayeahidi kinyume chake anadanganya. Ninachokidai ni namna ya kulifanya jambo hilo.

Nianze na kiwanda kimoja cha pajama. Mwaka 1948 Lester Coch na John French walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika kiwanda cha Harwood, mjini Marion, jimbo la Virginia, Marekani. Kiwanda kilikuwa na tatizo mnalolijua vizuri: kila utaratibu wa kazi ulipobadilishwa, uzalishaji ulishuka, malalamiko yakaongezeka, watu wakaacha kazi. Basi wakagawa wafanyakazi katika makundi. Kundi la kwanza, la wapiga pasi, liliitwa na kuelezwa: zamani mlipanga nguo nusu dazeni juu ya kipande cha kadibodi, sasa mtazipanga ndani ya boksi, na kiwango kipya cha malipo ni hiki. Maswali yakajibiwa, mkutano ukafungwa. Kundi la pili lilichagua wawakilishi wa kushiriki kuupanga utaratibu mpya. Katika makundi mengine mawili madogo, kila mfanyakazi alishirikishwa mwenyewe.

Tazameni udogo wa badiliko lenyewe. Kutoka kadibodi hadi boksi. Hakuna cheo kilichofutwa. Hata hivyo katika kundi la kwanza uzalishaji ulianguka na haukuinuka, uhasama na wasimamizi ukazuka, na asilimia 17 waliacha kazi ndani ya siku 40 za mwanzo. Makundi yaliyoshirikisha kila mtu yalirudi haraka kwenye kiwango chao cha awali, kisha yakakipita kwa takriban asilimia 14, na hakuna hata mmoja aliyeondoka.

Kinachonigusa zaidi ni kilichofuata. Miezi michache baadaye, watu 13 waliosalia wa kundi la kwanza, wale ambao meneja yeyote angewaandika kuwa ni wakaidi, walikusanywa tena kwa ajili ya kazi nyingine mpya. Safari hii walishirikishwa wote, nao wakaimudu kazi ile upesi kama walivyofanya wenzao. Walikuwa watu wale wale, kiwanda kile kile. Hawakupelekwa semina ya kubadili mtazamo wala hawakupewa barua ya onyo. Uongozi uliwaendea kwa njia nyingine, basi.

Jaribio lile lilikuwa dogo, na haifai kulifanya sheria ya dunia nzima. Mwaka 1960 French na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio kama hilo katika kiwanda kimoja nchini Norwe, na huko uzalishaji haukuongezeka. Sababu mojawapo waliyoitoa ni kwamba mambo waliyoshirikishwa wafanyakazi hayakuwa na uzito mkubwa. Mimi naona matokeo hayo yana faida kwenu kuliko hata yale ya Harwood, kwa sababu ushirikishwaji mnaoufanya wengi wenu ni wa aina hiyo. Wafanyakazi huitwa kuchagua jina la idara mpya wakati orodha ya watakaopunguzwa imeshachapwa. Huitwa "kutoa maoni" juu ya chati ambayo bodi imeshaipitisha. Mtu mzima anajua kama anaulizwa au anapitishwa tu, na akishagundua kwamba anapitishwa, hata siku mtakapomuuliza kwa dhati hatajibu.

Nitoe mfano wa karibu. Katika kampuni moja niliyoitumikia, ununuzi wa vituo vyote ulihamishiwa ofisi kuu. Kwenye mkutano wa kutambulisha muundo mpya, mama mmoja mtunza ghala alinyoosha mkono akauliza: "Mzigo ukifika saa nane usiku, na oda imetolewa ofisi kuu, nani ana ruhusa ya kusaini kuupokea?" Mshauri elekezi aliyekuwa anapitisha slaidi alimjibu kwamba mambo ya utekelezaji yatakuja baadaye, akaongeza, "Mama, tuwe na mtazamo chanya." Yule mama akakaa. Mimi nilikuwa karibu na meza ya mbele, nikaona jina lake likizungushiwa duara kwenye karatasi ya mahudhurio.

Swali lake halikuwa na jibu popote. Katika mfumo mpya, aliyetoa oda ndiye pekee aliyeweza kuthibitisha mapokezi, naye saa hizo alikuwa amelala kwake. Wiki ya kwanza tu malori yalipanga foleni nje ya geti hadi asubuhi, madereva wakidai malipo ya kusubiri, huku mitambo ikisimama kwa kukosa malighafi iliyoegeshwa mita chache kutoka ukutani. Kamati ya mabadiliko ilipokutana, sababu iliyoandikwa kwenye taarifa ilikuwa "upinzani wa wafanyakazi wa ghala". Nilikuwapo ilipokuwa inasomwa. Wafanyakazi wa ghala hawakuwa wamepinga lolote. Walifuata maelekezo neno kwa neno, na maelekezo ndiyo yaliyoifunga kazi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ninyi, kwa cheo chenu, hamlali kwenye vitanda hivyo. Hilo halina aibu yoyote. Kosa linaanza pale anayekilalia anapoonyesha kunguni walipo, akaambiwa ana roho mbaya.

Mwaka 1979 wataalamu wa uongozi John Kotter na Leonard Schlesinger walitaja sababu nne zinazowafanya watu wapinge mabadiliko kazini: wanaogopa kupoteza kitu chenye thamani kwao, hawajaelewa au hawamwamini anayewaeleza, wanaipima hali tofauti na wakubwa wao, au hawana ustahimilivu wa mabadiliko. Mipango mingi niliyoiona hushughulikia ya kwanza kwa fedha na ya nne kwa semina. Ya pili hupewa kijarida chenye picha za watu wanaotabasamu. Ya tatu haipewi chochote, kwa kuwa kuikubali ni kukubali kwamba huenda aliye chini ndiye aliyeona sawasawa. Yule mama wa ghala alikuwa sababu ya tatu. Kwenye jedwali aliwekwa kwenye ya nne.

Upinzani wa ubinafsi upo, sitauficha. Yupo anayepigania kiti, gari la ofisi na idadi ya watu walio chini yake. Lakini aina hiyo nimeikuta zaidi ghorofa za juu. Mkuu wa idara anayepiga makofi mbele ya bodi, kisha anarudi ofisini na kukataa kutoa takwimu zake, kukataa kuachia bajeti, na kuwaambia walio chini yake kwamba "hili nalo litapita", huyo anaweza kuukwamisha mpango kwa miezi bila jina lake kugusa rangi nyekundu. Karani anayeuliza kuhusu kiinua mgongo chake hana uwezo huo. Mkianza kusafisha, anzieni kwenye meza mnazoketi wenyewe.

Sasa niseme juu ya ukimya. Wengi wenu mnaona mkutano usio na maswali ni mkutano uliofanikiwa. Mimi mkutano wa namna hiyo hunitia hofu. Wafanyakazi wasiposema mbele yenu, husema kwenye korido, kwenye basi, kwenye kundi la WhatsApp ambalo meneja hamo. Redio mbao haina siku ya mapumziko, na habari isiyo na msemaji rasmi hukua kila inapopita mdomo mmoja. Kisha unakuja mgomo baridi. Hakuna bango wala kelele. Watu wanafika saa ya kuingia na kuondoka saa ya kutoka, hakuna anayepokea simu ya mteja baada ya hapo, hakuna anayemwonyesha mwenzake njia ya mkato ya kutatua tatizo. Kampuni nyingi zinasimama juu ya hisani hizi ndogo ambazo hazimo kwenye mkataba wa kazi. Zikikatika, hamtaziona kwenye ripoti ya mwezi huo. Mtaziona robo mwaka ijayo, kwa wateja walioondoka.

Wapo wanaofikiri dawa ni kushtukiza: tuwaambie siku ile ile, wasipate nafasi ya kujipanga. Machi 17, 2022 kampuni ya meli ya P&O Ferries ya Uingereza iliwaachisha kazi mabaharia karibu 800 kwa ujumbe wa video uliorekodiwa, nafasi zao zikachukuliwa na watu wa wakala. Siku chache baadaye mkurugenzi mtendaji, Peter Hebblethwaite, alikiri mbele ya wabunge kwamba sheria iliwataka kushauriana na vyama vya wafanyakazi na kwamba waliamua kutofanya hivyo, kwa kuwa waliamini hakuna chama ambacho kingekubali. Yaani walikusudia kuukwepa upinzani. Wakaupata upinzani wa nchi nzima. Safari zilisimamishwa, wabunge wakawakalia kooni, na mamlaka ya usalama wa majini ikazizuia baadhi ya meli zao, ikiwemo European Causeway iliyozuiwa bandarini Larne, kwa sababu zilizojumuisha mafunzo ya mabaharia wapya. Vurugu walizokuwa wanazikimbia walizizalisha wenyewe kwa asubuhi moja.

Njia nyingine ya kukwepa ni kuifunika habari kwa maneno. Julai 2014 Stephen Elop, aliyekuwa akiongoza kitengo cha vifaa cha Microsoft, aliwaandikia wafanyakazi barua pepe ndefu kuhusu mikakati ya simu, na ndani kabisa, baada ya aya nyingi, ndipo ikajitokeza habari kwamba watu wapatao 12,500 wangepoteza kazi. Jiwekeni mahali pa msomaji. Anapita aya moja baada ya nyingine kuhusu soko na bidhaa, moyo unamdunda, akitafuta sentensi moja tu inayomhusu yeye na watoto wake. Sentensi hiyo iwekeni juu kabisa. Mengine yafuate.

Najua wanasheria wenu watasema msitamke kitu mpaka kila kitu kiwe na uhakika. Nawaheshimu, lakini kwa miezi yote mnayosubiri uhakika, uvumi unafanya kazi yenu. Unaweza kusema ukweli bila kuwa na majibu yote: haya tumeshaamua, haya bado, kwa haya ambayo bado, tutawapa jibu tarehe fulani, hata kama jibu litakuwa kwamba bado tunaendelea. Kisha tarehe ikifika, jitokezeni. Nimeona watu wakivumilia habari mbaya sana kwa utulivu kwa sababu aliyewapa hakukosa hata tarehe moja. Na nimeona habari nzuri ikikataliwa kwa sababu aliyeileta alishawahi kusema "hakuna atakayeguswa".

Kwa anayedhani ninaomba fadhila, Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema katika ibara yake ya 13 kwamba mwajiri anayekusudia kuachisha watu kazi kwa sababu za kiuchumi, kiteknolojia au za kimuundo awape wawakilishi wa wafanyakazi taarifa mapema: sababu, idadi na aina ya watakaoguswa, na muda wa utekelezaji, tena awape nafasi ya kushauriana juu ya namna ya kuepusha au kupunguza madhara. Si nchi zote zilizouridhia, lakini wazo la kushauriana kabla ya kupunguza watu limo katika sheria za kazi za nchi nyingi. Someni sheria yenu. Msiisome kutafuta upenyo.

Nifike kwenye jambo zito kuliko yote. Mwaka 2006 uongozi wa France Télécom, kampuni ya simu ya Ufaransa, ulikuwa na mpango wa kupunguza wafanyakazi 22,000 katika miaka mitatu na kuwahamisha wengine 10,000 kwenye kazi tofauti. Wengi wao walikuwa na hadhi ya watumishi wa umma na hawakuweza kufukuzwa kirahisi. Basi ikatumika njia ya kuwafanya waondoke wenyewe. Fundi wa miaka mingi akapelekwa kuuza bidhaa kwa simu. Wengine walihamishwa ovyo, wengine waliachwa bila kazi ya kufanya, na mameneja wakapimwa kwa idadi ya watu waliofanikiwa kuwaondoa. Mkurugenzi mkuu, Didier Lombard, aliwaambia wakuu wenzake kwamba watu hao wangeondoka kwa njia moja au nyingine, kupitia dirishani au mlangoni. Mahakama iliyosikiliza kesi ilichambua mikasa ya wafanyakazi 39; kati yao 19 walijiua. Desemba 20, 2019 Lombard na wakuu wenzake walitiwa hatiani kwa unyanyasaji wa kisaikolojia uliofanywa kuwa sera ya taasisi, na kampuni yenyewe ikatozwa faini ya euro 75,000. Lombard alikata rufaa, na Januari 2025 mahakama ya juu ya nchi hiyo ikathibitisha hatia.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu mbinu zile zinatumika mahali pengi kwa kipimo kidogo, na hazionekani kuwa ukatili kwa anayezitumia. Kumnyang'anya mtu majukumu kidogo kidogo. Kumhamisha kituo kila baada ya miezi michache. Kumwondoa kwenye orodha ya barua pepe za idara. Kumpa tathmini mbaya ya ghafla baada ya miaka ya tathmini nzuri. Hutajwa kwa maneno laini, "kumsaidia afanye uamuzi", na meneja wa kati ndiye anayetumwa kuzifanya. Kama kampuni haimhitaji mtu, imwambie hivyo ana kwa ana, impe sababu ya kweli na haki zake zote, imwache aende na heshima yake. Kumtesa mpaka ajiondoe ili mwokoe kiinua mgongo ni dhuluma, na wenzake wote wanaona.

Ipo njia nyingine, na imejaribiwa na kampuni iliyowahi kuumia. Januari 2008 Nokia ilitangaza kukifunga kiwanda chake cha Bochum, Ujerumani, chenye wafanyakazi 2,300. Muda mfupi baadaye watu wapatao 15,000 waliandamana, wanasiasa wakawajia juu, wateja wakatakiwa kususia simu zao, na kufunga kiwanda hicho kimoja kukagharimu takriban euro milioni 200. Mwaka 2011, ilipobidi kupunguza watu wengi zaidi, wapatao 18,000 katika nchi 13, walifanya tofauti. Walitangaza mapema, wakaanzisha mpango walioupa jina la Bridge, na kila aliyeguswa akafunguliwa milango kadhaa: kazi nyingine ndani ya kampuni, msaada wa kutafuta kazi nje, mtaji wa kuanzisha biashara, masomo, au mpango wake mwenyewe. Asilimia 60 ya walioguswa walikuwa wanajua waendako siku ajira yao ilipokoma. Mpango wote uligharimu kama euro milioni 50, yaani karibu euro 2,800 kwa kila mtu. Bochum peke yake ilikuwa imegharimu zaidi ya euro 80,000 kwa kila mtu. Wakuu wa fedha mlio kwenye bodi hizi, wekeni tarakimu hizi mbili kwenye ukurasa mmoja, muwaonyeshe wenzenu wanaosema utu ni ghali.

Kisha kuna wanaobaki. Hawa husahauliwa haraka, maana kwenye mahesabu wameshawekwa salama. Watafiti Charlie Trevor na Anthony Nyberg walionyesha mwaka 2008 kwamba kampuni ikipunguza hata asilimia 1 tu ya watu wake, wanaoacha kazi kwa hiari huongezeka kwa wastani wa asilimia 31. Fikirini ni nani anayeondoka kwanza. Anaondoka yule mwenye ujuzi unaotafutwa na namba za simu za washindani wenu, wala hasubiri awamu ya pili. Aliyebaki anarithi kazi za watu wawili, kiti cha rafiki yake kikiwa wazi pembeni, na wiki hiyo hiyo anaitwa kwenye hafla ya kuzindua muundo mpya akitakiwa kushangilia. Mwacheni ahuzunike kwanza. Mpunguzieni kazi zilizofutwa pamoja na watu wake. Mkikata nafasi bila kukata kazi, hamjapanga upya chochote.

Kwa mameneja wa kati nitasema machache, maana mimi ni mmoja wao na nisingependa mdhani najililia. Msitupe habari nusu saa kabla ya kuwapa walio chini yetu. Tukiulizwa swali tukababaika, imani iliyojengwa kwa miaka inakwenda hapo hapo, na hiyo imani ndiyo pekee itakayoifanya zamu ya usiku iendelee kufanya kazi wakati ninyi mko kwenye vikao.

Kazi za kila siku nazo zina taratibu zake, ambazo naona zikidharauliwa. Msibadilishe muundo, mfumo wa kompyuta na ofisi katika mwezi mmoja. Acheni utaratibu wa zamani na mpya viende sambamba angalau mpaka mzunguko mmoja wa mishahara na wa kufunga hesabu upite salama. Mshahara ukichelewa hata siku moja katikati ya mabadiliko, hakuna hotuba itakayowarudisha watu. Kabla ya kumwachia mtu yeyote aondoke, ulizeni ni kazi gani anayoijua peke yake. Mtashangaa ni wangapi, na wengi hawatakuwa na vyeo vikubwa. Waambieni wateja ni nani wa kumpigia kuanzia Jumatatu. Na yule anayesema "hili haliwezekani" apewe saa moja ya kueleza kwa nini, pamoja na mtu wa kuandika.

Jambo moja dogo: washauri wengi huwatisha viongozi kwa kusema asilimia 70 ya mabadiliko ya kampuni hushindwa, na lawama huangushiwa wafanyakazi. Mwaka 2011 mtafiti Mark Hughes alizifuatilia kauli za namna hiyo hadi zilikotoka na hakupata ushahidi halali wa kiwango hicho. Mkiuziwa hofu hiyo, ombeni mwonyeshwe chanzo kabla ya kulipa ankara.

Ninachoomba ni hiki. Kabla bodi haijasaini ratiba, rudini kwenye lile jedwali, mwite majina yote yaliyopakwa nyekundu, pamoja na wawakilishi wa chama cha wafanyakazi pale kilipo. Msiwaite kwa mkupuo ukumbini. Waiteni watano watano, katika chumba cha kawaida, bila slaidi. Waulizeni kazi itakwama wapi, na ninyi mnyamaze wakijibu. Hoja zao ziandikwe, na mbele ya kila hoja kuwe na moja ya majibu matatu: tumelibadilisha, hatulibadilishi kwa sababu hii, au tutalijibu tarehe hii. Nakala ipelekwe kwao na kwa bodi siku ile ile. Wasiadhibiwe kwa walichosema, na ahadi hiyo iwe kwa maandishi yenye sahihi ya mkurugenzi mtendaji. Barua ya kwanza ya kuachisha mtu kazi isitoke mpaka karatasi hiyo ikamilike.

Wenu katika kazi,

Meneja wa kati, idara ya uendeshaji